Uliona Ndege Gani Njiani?

Mtoto akirudi kutoka vakansi tunamwuliza maulizo mengi. Nkambo anaendelea namna gani? Samaki ku Bukama ni bei gani? Treni ililala siku ngapi ku Tenke? Ni vizuri. Lakini bado sijasikia mzazi akiuliza: "Mwanangu, uliona ndege gani njiani?"

Kuna vijana ambao wanaulizana neno hili kila wanapokutana. Katika nchi ya Uholanzi, mwaka wa 1920, vijana waliunda chama chao cha kuchunguza viumbe, na mpaka leo kingali kinaendelea. Wanaokiongoza ni vijana wenyewe. Hakuna papa wala mwalimu wa kuwasimamia. Wanaenda kukaa kambini, wanatembea porini, na kila mmoja anaambia wenzake aliyoyaona safarini: ndege fulani, mahali fulani, siku fulani. Nao wenzake hawapokei tu. Ulimjuaje? Miguu yake ilikuwa ya rangi gani? Mmoja wa vijana wa chama hicho aliitwa Niko Tinbergen, aliyezaliwa mwaka wa 1907. Kazi yake ya kuangalia ndege na wanyama namna wanavyoishi ilimfikisha mbali: mwaka wa 1973 yeye na wenzake wawili walipewa zawadi ya Nobel.

Sasa utaniambia: "Pasta, hayo ni mambo ya wazungu walioshiba." Ngoja kwanza. Ndege wanaowaangalia kule, wengine ni wetu pia. Mbayuwayu, yule mdogo mwenye mkia wa panda na koo jekundu, anayekaa kwenye nyaya za umeme za makambi yetu wakati wa mvua, anazalia watoto wake Ulaya. Hata koikoi, yule mrefu mweupe mwenye mabawa meusi kwa nyuma, anapita huku kwetu akitoka kule. Nabii Yeremia aliwataja wote wawili katika sura ya 8, mstari wa 7, kwamba wanajua majira yao. Fungua usome.

Lakini wanaenda wapi? Watu wa Ulaya hawakujua kwa miaka mingi. Wenye elimu kabisa waliandika kwamba mbayuwayu wanalala ndani ya matope chini ya maziwa mpaka baridi iishe! Mwaka wa 1822 koikoi mmoja aliuawa kule Ujerumani, na shingoni mwake mlikuwa na mkuki wa Afrika. Alipigwa huku, hakufa, akaruka nao mpaka kwao. Wamemhifadhi katika universite ya Rostock hadi leo. Mwindaji wetu mmoja, ambaye jina lake halijulikani, alituma barua bila kujua.

Baadaye wakapata njia bora kuliko mkuki. Mwaka wa 1899 mwalimu wa Denmark, Mortensen, alianza kufunga pete nyepesi za aluminiamu miguuni mwa ndege, zenye namba. Tarehe 6 Mei 1911 Mwingereza John Masefield alifunga pete namba B830 kwa mbayuwayu aliyejenga kiota nyumbani kwake. Tarehe 23 Desemba 1912 ndege yule alikamatwa ndani ya nyumba ya shamba moja huko Natal, Afrika ya Kusini. Watu wa Natal waliona maandishi ya London juu ya pete, wakaandika barua. Bila barua ile, hakuna mtu angejua kitu.

Hapa ndipo ninataka kusema na wewe, ndugu, pole pole. Kwetu, mtoto akipiga ndege na manati, au akimnasa na bulimbo, akaona chuma mguuni, mambo yanakuwa namna gani? "Papa, ile ndege iko na chuma ku mguu!" "Tupa! Iko ya balozi!" Kisha macho yanageuka kumtazama mama mzee wa nyumba ya pembeni, mjane asiyekuwa na mtetezi, na maneno yanaanza. Pete ya gramu kidogo tu inaweza kumfukuzisha mtu kartie. Mimi nasema wazi: chuma kile hakina nguvu yoyote. Kina namba, na mara nyingi jina la mji au la nyumba ya makumbusho. Kama ndege yuko hai, soma, andika, mwachilie. Kama amekufa, toa pete, uipeleke kwa mwalimu wa biolojia au universite, pamoja na siku na mahali ulipomkuta.

Tena si lazima ndege atoke mbali. Ziwa Tshangalele, karibu na Likasi, ni la kazi ya migodi: mto Lufira ulizuiliwa kule Mwadingusha ili kutoa umeme. Mwaka wa 1960 mzungu wa Ubelgiji, Ruwet, alipata pale ndege wa manjano mwenye uso mweusi, wa jamaa ya wale wanaofuma viota vya kuning'inia. Mwaka wa 1982 ndipo ndege huyo akaandikwa katika vitabu kwa jina la Ruwet. Kisha kimya, mpaka mwaka wa 2009 habari ilipotoka kwamba yungali pale pale, ziwani. Miaka 49! Na wavuvi je? Nafikiri walipita karibu na viota vile kila asubuhi na mitumbwi yao. Hakuna aliyewauliza, nao hawakujua kwamba ni habari.

Basi vijana wa korali, ninyi mnaosafiri juu ya kamio kutoka parokia mpaka parokia, chukueni kaye moja na biki. Darubini ikikosekana, macho yanatosha. Andika siku, saa, mahali, ndege wangapi, walikuwa wanafanya nini. Jina usipolijua, andika rangi, mdomo, miguu, sauti. Na jina la kikwenu andika vilevile, wazee wanayo mengi. Usiandike ndege ambaye hukumwona ili upate kusifiwa, maana mmoja wa uongo anatia mashaka juu ya wale kumi wa kweli. Siku ya mkutano wa vijana, kabla ya kufundisha wimbo mpya, someaneni dakika kumi.

Mvua za kwanza zikikaribia, tazameni nyaya za umeme kila asubuhi. Andikeni tarehe ya mbayuwayu wa kwanza: Kipushi siku gani, Likasi siku gani, Kolwezi siku gani. Mwaka ujao mtalinganisha.