Mota Isiyo na Brashi na Bodi ya Kujifunzia Kuiendesha

Mota ya mkondo mnyoofu iliyozoeleka mikononi mwa mafundi ina vipande viwili vya kaboni viitwavyo brashi. Brashi hizo husugua gurudumu dogo la shaba lililokatwa vipande vipande, na kwa njia hiyo umeme huhamishwa kutoka koili moja hadi nyingine kadiri mhimili unavyozunguka. Huo ni mpango wa akili sana, kwani mota hujibadilishia umeme yenyewe. Lakini kaboni huisha, cheche huruka, na vumbi jeusi hujaa ndani.

Mwaka 1962 wataalamu wawili wa Marekani, Wilson na Trickey, walieleza mashine ambayo kazi hiyo ya kuhamisha umeme hufanywa na vipande vya elektroniki. Katika mota ya namna hii mambo yamegeuzwa: sumaku ndizo zinazozunguka, na koili zimetulia. Nje hutoka nyaya tatu nene. Nyaya mbili zikiungwa na betri, mota hushtuka mara moja, kisha hukwama. Hapana budi pawepo kitu cha kujua sumaku imefika wapi, na cha kuamua koili ipi ipewe umeme.

Kujua ni kazi ya vitambuzi vitatu vya Hall, vinavyoitwa kwa jina la Edwin Hall aliyegundua kanuni yake mwaka 1879. Kila kitambuzi hutoa jibu la ndiyo au la. Majibu matatu yaweza kupangika kwa namna nane, lakini katika mpangilio wa kawaida wa vitambuzi mota nzima hutoa sita tu. Majibu yote yakiwa ndiyo, au yote la, basi waya umekatika au kitambuzi kimekufa.

Kuamua ni kazi ya mikrokontrola, yaani kompyuta nzima iliyobanwa katika kipande kimoja cha silikoni. Mota yenye jozi saba za ncha za sumaku huhitaji mabadiliko 42 katika kila mzunguko mmoja. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, hayo ni mabadiliko 2,100 kwa kila sekunde. Hakuna mkono wa binadamu uwezao kazi hiyo.

Amri za mikrokontrola hupelekwa kwa transista sita zilizopangwa jozi tatu. Katika kila jozi, ya juu huunganisha waya wa mota na chanya ya betri, na ya chini huuunganisha na hasi. Hapa ndipo penye hatari. Zote mbili za jozi moja zikipitisha umeme kwa pamoja, umeme hukimbia kutoka chanya hadi hasi bila kupita katika koili. Hiyo ni shoti, na mara nyingi transista huungua kabla ya fyuzi kukatika. Tena transista haikati umeme papo hapo inapoamriwa; kwa hiyo programu huacha pengo dogo, pengine sehemu moja ya milioni ya sekunde, kabla ya kuiamsha mwenzake. Anayesahau pengo hilo hulikumbuka kwa harufu.

Kwa sababu hiyo viwanda hutengeneza bodi za kujifunzia, zenye mikrokontrola, transista na vipimo vya mkondo tayari mahali pake. Mfano mmoja ni B-G431B-ESC1 ya kampuni ya STMicroelectronics, yenye mikrokontrola ya mapigo milioni 170 kwa sekunde na uwezo wa kufikia ampea 40. Ampea hizo ni nyingi mno kwa mwanafunzi. Afadhali aanze na kifaa cha umeme kinachoweza kuzuiliwa kwenye ampea moja, na mota iwe imefungwa imara mezani.

Elimu hii imekwisha kufika barabarani. Pikipiki za umeme za Kigali na Nairobi huendeshwa na mota za namna hii, na fundi aliyezoea kubadili kaboni hazioni. Hata hivyo jaribio la kwanza ni jepesi. Vitambuzi mara nyingi hupewa volti 5. Swichi ikiwa imewashwa na gurudumu limeinuliwa, fundi hulizungusha polepole kwa mkono huku akipima waya mmoja mmoja wa vitambuzi: volti zapaswa kupanda na kushuka. Waya usiobadilika ndio wenye kasoro.