Ibada Haiishii Mlangoni mwa Kanisa



Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani Rugera, wilayani Karagwe, kumjulia hali mama yangu ambaye sasa ni mtu mzima sana. Jumapili ile ilikuwa ya shukrani ya mavuno. Watu walifika kanisani na mikungu ya ndizi, maharage, kahawa na kuku waliofungwa miguu. Kwaya ziliimba, tukaungama dhambi, mchungaji akahubiri, tukashiriki Chakula cha Bwana. Baada ya hapo ulifanyika mnada wa sadaka nje ya kanisa, kama ilivyo desturi yetu. Nami, kwa kuwa natoka mjini, nilijionyesha kidogo. Nilinunua mkungu mmoja kwa shilingi 40,000, nikapigiwa vigelegele.

Mtu mmoja hakupiga hata kofi. Naye ni kaka yangu. Mimi na yeye tulikuwa hatujasemezana kwa miaka mitatu kwa ajili ya mpaka wa shamba alilotuachia marehemu baba. Siku ile tuliingia kanisa moja, tukala mkate mmoja, kisha kila mtu akashika njia yake.

Jioni mama aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, leo wewe na kaka yako mlikwenda kumwabudu nani?"

Mimi ambaye kazi yangu ni kusema, nilikosa la kusema. Basi hebu tulitazame swali hilo pamoja. Ibada ni nini hasa?

Wengi wetu tukisikia neno hilo, twafikiria zile saa mbili za Jumapili. Wengine, hasa huku mijini, wamelipunguza zaidi. Kwao kuabudu ni kile kipindi cha nyimbo za taratibu, kinanda kikilia na watu wamefumba macho. Lakini neno lenyewe ni pana kuliko hivyo. Ibada limetoka katika Kiarabu, kwenye shina moja na neno "abdi", yaani mtumwa au mtumishi, lile tunalolisikia katika jina Abdallah. Katika Kiebrania cha Agano la Kale, neno moja hutumika kwa kazi ya shamba na kwa ibada ya hekaluni. Na liturujia, neno tulilolipata kutoka Kigiriki, hapo zamani lilikuwa utumishi ambao raia aliufanya kwa manufaa ya mji wake. Kwa hiyo, tangu asili, kuabudu ni kutumika. Mwenye kuabudu ni mtu aliyekubali kuwa yuko chini ya Bwana fulani, na kazi yake yaonyesha ni Bwana yupi.

Sisi wa Karagwe hatukuhitaji kwenda mbali kulielewa jambo hili. Mtawala wetu wa zamani aliitwa Mukama. Rumanyika, aliyewapokea wasafiri Speke na Grant mwaka 1861, alikuwa Mukama. Wakristo wa kwanza walipotafuta neno la kumwita Bwana Mungu, walilichukua hilo hilo. Sasa fikiri, mtu apige magoti mbele ya Mukama, amsifu kwa sauti nzuri, kisha akitoka aipuuze amri yake na kumnyang'anya mtoto wa Mukama shamba. Je, huyo tungesema amemheshimu mtawala wake?

Manabii walilisema hili kwa ukali. Amosi aliwaambia watu wake kwamba Mungu amechoshwa na sikukuu zao na kelele za nyimbo zao, kwani haki ilikuwa imekauka katika nchi. Yesu naye alifundisha kwamba mtu akiwa amefika madhabahuni na sadaka yake, akakumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka pale pale, aende akapatane kwanza. Mtume Paulo, akiwaandikia Warumi, aliita ibada kule kuitoa miili yetu, yaani maisha mazima, iwe sadaka iliyo hai.

Ng'ambo ya mto Kagera tulipewa mafunzo mawili ya jambo hili. La kwanza ni la miaka ya 1930, pale Gahini, misheni ya Waanglikana mashariki mwa Rwanda. Hapo uliwaka Uamsho uliosambaa hadi Uganda, Kenya na kwetu Kagera. Walokole waliimba sana, lakini majirani hawakushangazwa na nyimbo. Walishangazwa na watu waliorudisha mali walizoiba, wakalipa madeni na kuwaomba radhi waliowakosea. Wimbo ulifuatwa na miguu.

La pili ni la Aprili 1994. Nilikuwa mvulana wa shule ya msingi. Maelfu ya watu walikimbilia parokia ya Nyarubuye, upande ule ule wa mashariki mwa Rwanda, wakitumaini kwamba katika nyumba ya Mungu hawataguswa. Waliuawa humo humo, na miongoni mwa wauaji walikuwamo majirani zao. Mwaka 2004 mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha ilimtia hatiani aliyekuwa meya wa Rusumo, Sylvestre Gacumbitsi, kwa mauaji ya kimbari. Nchi ile ilikuwa imejaa waliobatizwa, na Jumapili makanisa yalijaa. Ndugu msikilizaji, silisemi hili kuwanyooshea kidole Wanyarwanda. Nalisema kwa sababu chuki nayo huanza ikiwa ndogo, na yaweza kukaa kwenye benchi la kanisa kwa miaka mingi bila kusumbuliwa na mtu.

Je, tuache basi kwenda kanisani, tuwe watu wema majumbani mwetu? La hasha. Itazame ibada ya Jumapili ilivyopangwa. Kwanza twaungama, ili tujue tulipokosea. Twasikiliza Neno, ili tujue Bwana anataka nini. Twatoa sadaka, ili mikono yetu ijifunze kuachia. Twala meza moja, ili tukumbuke kuwa tu ndugu. Mwishoni twabarikiwa na kuagizwa kwenda. Kila hatua yatuelekeza mlangoni. Kanisani ndipo tunapofundwa, lakini mtihani uko nje.

Mimi mtihani wangu ulikuwa nyumba ya pili kutoka kwa mama. Usiku ule nilichukua tochi nikaenda kubisha hodi kwa kaka. Nilianza na shikamoo, ambayo sikuwa nimempa kwa miaka mitatu. Alinyamaza kidogo, kisha akaitika na kunipa kiti. Suala la mpaka hatujalimaliza. Tumekubaliana kuwaita wazee waupime upya, na huenda nikapoteza migomba kadhaa. Lakini ule mkungu wa shilingi 40,000 tuliupika kesho yake, tukaula pamoja na mama.

Nadhani sadaka yangu ya mavuno ilifika siku hiyo ya Jumatatu.