Je, Wajua? Kujaza tangi kwa dola 400
Juni 2022, wastani wa bei ya petroli Marekani ulivuka dola 5 kwa galoni (lita 3.8) kwa mara ya kwanza. Wenye magari-nyumba waliumia hasa: yale makubwa kama basi, yenye vitanda, jiko na choo ndani, huenda kilomita 3 hadi 4 tu kwa lita. Tangi la galoni 80 likawa linameza dola 400! Hata hivyo wengi hawakufuta safari, na hilo linafurahisha. Walichagua kambi za karibu, wakakaa siku nyingi mahali pamoja, wakapunguza mwendo, maana gari pana hivyo likikimbia hupambana na upepo, na upepo huo hulipiwa kwa mafuta.