Chanjo ya Mtoto: Nani Ajuaye Kama Bado Ina Nguvu?

Kila mkulima anayepeleka maziwa kwenye chama cha ushirika anajua kwamba macho hayatoshi. Maziwa yaliyotiwa maji ni meupe kama mengine, lakini kipimo kikitumbukizwa ndani yake, siri hutoka. Chanjo za watoto ni vivyo hivyo. Kichupa kilichokaa juani na kichupa kilichotunzwa vizuri vyaweza kufanana kabisa. Basi ni nani ajuaye kipi kina nguvu na kipi hakina? Yafaa kila mzazi aelewe jambo hili.

Leo tutaeleza chanjo za namna moja tu, ziitwazo chanjo za kuunganishwa. Hapa Kenya watoto walianza kupewa chanjo ya kuzuia vijidudu vya Hib mwaka 2001, na ile ya kuzuia vijidudu vya nyumokoka mwaka 2011. Mtoto huchomwa sindano akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Vijidudu hivyo ndivyo viletavyo homa ya mapafu na homa ya uti wa mgongo, magonjwa ambayo yaweza kumwua mtoto kwa siku chache.

Kwa nini zinaitwa za kuunganishwa? Kijidudu hicho hujivika koti la sukari. Si sukari ya chai, bali ni mnyororo mrefu wa sukari nyingi zilizoshikana. Mwili wa mtu mzima ukiliona koti hilo hujifunza kupigana nalo. Mwili wa mtoto asiyetimiza miaka 2 haulijali. Kwa hiyo wataalamu huifunga sukari hiyo pamoja na protini ambayo mwili wa mtoto huitambua upesi, kama ile ya pepopunda iliyokwisha kuondolewa sumu.

Fikiri juu ya maksai wa kulimia. Yule mchanga asiyejua kazi hufungwa nira moja na yule aliyezoea, naye hulima vizuri. Nira ikivunjika, yule mchanga huenda zake. Kadhalika kiungo cha sukari na protini kikikatika, sukari iliyobaki peke yake haimfundishi mtoto kitu. Kazi ya maabara ni kujua kama nira bado imekaza. Njia zake ni hizi:

1. Kujaribu kwa joto. Vichupa huwekwa katika makabati yenye joto mbalimbali: digrii 2 hadi 8, ambalo ndilo joto la kuhifadhia, kisha digrii 25, digrii 37 na zaidi. Baada ya majuma na miezi, vichache hutolewa vikapimwa. Joto kali huharakisha uharibifu, na hivyo udhaifu huonekana mapema. Lakini tarehe ya mwisho ya kutumia chanjo haikisiwi. Hupatikana kwa kupima vichupa vilivyokaa katika baridi muda wote huo.

2. Kupima sukari iliyofunguka. Dawa hutiwa ili protini igande na kuzama, kama maziwa yanavyoganda yakitiwa ndimu. Sukari iliyofungwa huzama pamoja na protini. Iliyofunguka hubaki katika maji, nayo hupimwa. Ikizidi kiasi kilichowekwa, chanjo hukataliwa.

3. Kupima ukubwa. Chanjo hupitishwa katika mrija uliojazwa chembe zenye matundu madogo sana. Vipande vikubwa haviwezi kuingia matunduni, hivyo hupita upesi kama lori katika barabara kuu. Vidogo huingia kila kichochoro na kuchelewa kutoka. Vinavyochelewa vikiwa vingi, wataalamu hujua kwamba mnyororo umekatika.

4. Kujaribu kwa wanyama. Panya au sungura huchanjwa, kisha damu yao hupimwa kuona kama imepata kinga. Njia hii ni ya kweli, lakini huchukua majuma, na wanyama hawafanani.

Kazi hii si bure. Chanjo iitwayo MenAfriVac, ya kuzuia homa ya uti wa mgongo, ilitengenezwa India kwa ajili ya Afrika, ikaanza kutolewa kwa watu wengi huko Burkina Faso Desemba 2010. Sukari yake huharibika upesi ikiwa majimaji, ndiyo maana huhifadhiwa ikiwa unga mkavu. Baada ya kupimwa sana, mwaka 2012 iliruhusiwa kukaa nje ya baridi hadi siku 4, mradi joto lisipite digrii 40. Mwaka huohuo, nchini Benin, watu zaidi ya 150,000 walichanjwa kwa njia hiyo, mahali ambapo barafu ni shida. Lakini ruhusa ya chanjo moja si ruhusa ya nyingine.

Baridi ikizidi nayo ni adui. Chanjo ya nyumokoka ina chumvi ya aluminiamu. Ikiganda barafu, chumvi hiyo hufanya madonge, na kuyeyusha hakusaidii. Mwuguzi akiwa na shaka, hutikisa kichupa hicho pamoja na kingine kilichogandishwa makusudi kikayeyushwa. Kile cha shaka kikituama upesi kama hicho kingine, hutupwa. Tena hutazama alama ya mraba ndani ya duara iliyo juu ya kichupa. Rangi ya mraba ikilingana na ya duara au ikiizidi kwa weusi, chanjo hiyo haifai.

Basi mama akitembea kutoka shamba la mbali, kisha mwuguzi akamwambia kwamba chanjo ya leo imetupwa, asikasirike. Hasara kubwa ni mtoto kuchomwa chanjo iliyokufa, kadi ikaandikwa kwamba amekingwa, na wazazi wasijue mpaka ugonjwa uingie nyumbani. Uliza siku ya kurudi, iandikwe kwenye kadi, nawe urudi siku hiyo bila kukosa.