Shamba Kitale, Kiwanja Bungoma, Mnunuzi Yuko Doha

Mwaka 2024 Wakenya walioko ng'ambo walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9, kwa hesabu za Benki Kuu ya Kenya. Sehemu ya jasho hilo hugeuzwa udongo: ekari mbili Kiminini, ploti ya hamsini kwa mia karibu na Kanduyi. Mpango huwa ule ule. Ndugu aende aone, picha zije kwa WhatsApp, wakili aandike mkataba, pesa zitumwe. Kwa aliyeko Doha au Minneapolis, hauna kasoro. Lakini Trans Nzoia na Bungoma, kaunti zinazopakana, huuvunja mpango huo kila moja kwa njia yake.

Kitale, huko Trans Nzoia, ilizungukwa na mashamba makubwa ya walowezi. Baada ya uhuru, makampuni na vyama vya ushirika vilichangisha wanachama, vikanunua mashamba hayo, kisha watu wakagawana kwa hisa. Wako waliolima kipande kimoja tangu miaka ya sabini, wakazaa na kulea papo hapo, huku karatasi waliyo nayo ni cheti cha hisa tu. Hatimiliki bado ni ya shamba zima. Mtu huyo akiuza, si mwizi. Anauza kilicho chake machoni pa majirani wote, ila si chake bado mbele ya msajili wa ardhi. Mjomba aliyetumwa kuangalia anakuta mahindi yamestawi, ua umekatwa vizuri, na jirani anayethibitisha kila neno. Anapiga simu kwa furaha, na yote anayosema ni kweli. Kama kipande kilipimwa na savea, kama kuna mwanachama mwingine aliyeonyeshwa mahali hapo hapo, hayo hayaonekani kwa kusimama shambani.

Bungoma tatizo hukaa kwa marehemu. Shamba limeandikwa jina la babu aliyezikwa zamani, na wana wamekwisha kugawana kwa mdomo. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, hairuhusu yeyote kuuza ardhi ya marehemu kabla mahakama haijathibitisha usimamizi wa mirathi. Hata hivyo mwana mmoja huuza, hasa karo inapobana, na mabinti walioolewa husikia habari baadaye. Hao ndio ninaowaonea uchungu kuliko wote: sheria inawahesabu warithi sawa na kaka zao, lakini bei ilipopatanwa hakuna aliyewaita. Mnunuzi wa mbali anajikuta ameingia katika ugomvi wa familia asiyoijua hata kwa sura.

Kisha kuna bodi ya ardhi. Chini ya sheria ya mwaka 1967, ombi la kibali cha kuuza shamba la kilimo lapaswa kupelekwa kwa bodi hiyo ndani ya miezi sita tangu mkataba utiwe saini. Pasipo kibali, mauzo ni batili. Miezi sita huyoyoma upesi mtu akisubiri likizo ili aje mwenyewe. Aliyechukua uraia wa nchi nyingine kabla ya Katiba ya 2010, na hajaomba kurejeshewa wa Kenya, ana kikwazo kingine: Kifungu cha 65 kinampa asiye raia ukodishaji usiozidi miaka 99, basi.

Hata hatimiliki yenyewe haitoshi. Aprili 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu iliamua kwamba hati haimlindi mnunuzi iwapo chimbuko lake lilikuwa haramu.

Kwa maoni yangu, kosa kubwa la mpango huu ni kumtwika ndugu mmoja kila kitu: aone, apatane bei, apokee pesa, alete ripoti. Hata mwaminifu huelemewa. Atakayepokea pesa asiwe ndiye anayethibitisha. Wakili afanye sachi kwa msajili na, Kitale, adai rejista ya wanachama wa kampuni au chama; ndugu aulize majirani, na Bungoma awatafute mabinti wa marehemu huko walikoolewa. Kazi moja mnunuzi anaweza kuifanya mwenyewe akiwa Doha: maombi ya mirathi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Kenya, wenye pingamizi hupewa siku 30, na gazeti hilo husomeka mtandaoni. Alitafute humo jina la babu kabla ya kutuma hata shilingi ya kwanza.