Tovuti yako mwenyewe: kuijenga ni saa chache, kuitunza ni miaka

Siku hizi hata asiyejua lugha ya kompyuta anaweza kujitengenezea tovuti yake na kuitangaza duniani. Lakini tovuti iliyojengwa kwa siku moja inaweza pia kupotea kwa siku moja, kama ilivyotukuta sisi wanachama wa chama kimoja kidogo cha wasemaji wa Kiswahili mjini Brussels.

Katika mtaa wa Matonge, hatua chache kutoka Porte de Namur, miaka ya 2000 palikuwa na maduka mengi ya simu. Mbele walisimama waliopiga simu Kinshasa, Bukavu au Bujumbura, na nyuma zilipangwa kompyuta chache za kukodi kwa saa. Ni katika moja ya maduka hayo ambako mwandishi wa makala haya, Jumapili moja, alikaa na wenzake wawili kutengeneza tovuti ya chama chao. Ni chama cha kusaidiana, wengi wetu tukiwa tumetoka Kivu, cha kuchangiana wakati wa arusi na wakati wa msiba.

Kazi yote ilichukua saa tano. Hatukumlipa fundi na hatukujua hata neno moja la lugha ya HTML ambayo kurasa za intaneti huandikwa kwayo. Tulitumia programu ya bure iliyoitwa Nvu, tukaandika kama mtu anayeandika barua, tukaweka picha, tukabonyeza kitufe cha kuchapisha. Jioni ile ndugu zetu wa Bukavu walipiga simu kusema wamesoma majina yetu.

Leo tovuti hiyo haipo. Kampuni iliyokuwa imetupa nafasi ya bure iliifunga huduma hiyo. Barua ya kutuonya ilikwenda kwenye anwani ya katibu aliyekuwa amekwisha kuhamia Canada, na hakuna aliyeweka nakala. Picha za mazishi ya wazee wetu watatu, hotuba za arusi na orodha ya waanzilishi wa chama, vyote vilikwenda na maji.

Je, kosa lilikuwa wapi? Na mtu anayetaka kujenga tovuti yake leo afanye nini yasimkute yaliyotukuta sisi?

Wazo la tangu mwanzo

Wengi hudhani kwamba programu za kutengenezea kurasa bila kujua lugha ya kompyuta ni jambo jipya. Sivyo. Zilikuwepo tangu siku ya kwanza ya mtandao, na Mbelgiji alikuwa karibu sana na chimbuko lake.

Itakumbukwa kuwa mtandao wa kurasa tunaoutumia leo ulibuniwa na Muingereza Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva. Alitoa pendekezo lake la kwanza mwezi Machi 1989. Mwezi Novemba 1990 aliliandika upya akishirikiana na Robert Cailliau, mhandisi aliyezaliwa mwaka 1947 mjini Tongeren, mashariki mwa Ubelgiji. Mwishoni mwa mwaka huo Berners-Lee alikuwa na programu inayofanya kazi. Programu hiyo haikuwa ya kusomea tu. Katika dirisha lile lile mtu aliweza kusoma ukurasa, kuubadilisha na kuweka viungo vya kurasa nyingine.

Hata hivyo, programu hiyo ilifanya kazi kwenye kompyuta za aina moja tu, NeXT, ambazo zilikuwa ghali na chache. Programu zilizofuata kwa kompyuta nyingine, ikiwemo Mosaic iliyoenea sana mwaka 1993, zilikuwa za kusoma peke yake. Hivyo watu wakagawanyika, wachache wakawa waandishi na walio wengi wakawa wasomaji.

Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza kwamba yeyote anaweza kuitumia teknolojia hiyo bila malipo. Ndipo kampuni zikaanza kushindana kumrudishia mtu wa kawaida kalamu yake. Mwaka 1996 Netscape ilitoa toleo lenye sehemu ya kuandikia kurasa, na mwaka huo huo Microsoft ikainunua kampuni iliyotengeneza FrontPage. Mwaka 1997 ikaja Dreamweaver. Nvu yetu, iliyofikia toleo lake la 1.0 mwaka 2005, ilikuwa mjukuu wa ile ya Netscape.

Nyingi ya programu hizo zimekwisha kuachwa. Leo kazi hiyo hufanyika zaidi ndani ya kivinjari chenyewe, kwa huduma kama WordPress, Wix au Google Sites. Anayependa njia ya zamani bado anaweza kupata sehemu ya kuandikia kurasa ndani ya programu ya bure ya SeaMonkey. Kanuni ni ile ile: unachokiona unapoandika ndicho atakachokiona msomaji, na programu inakuandikia HTML nyuma ya pazia.

Picha inayoonekana kwako tu

Lakini pazia hilo huficha pia makosa. Jioni ile ndugu zetu walipotupigia simu, swali lao la pili lilikuwa: mbona hatuzioni picha? Sisi tulikuwa tunaziona vizuri sana.

Sababu ilikuwa rahisi. Ukurasa wa intaneti haubebi picha ndani yake kama albamu. Hutaja tu mahali picha ilipo, na kivinjari huifuata huko. Tulikuwa tumeweka picha kabla ya kuuhifadhi ukurasa wenyewe, na programu ikaandika kwamba picha zipo kwenye diski ya kompyuta ya dukani Matonge. Kwenye kompyuta hiyo zilionekana. Bukavu kilionekana kisanduku kitupu.

Anayetumia programu za aina hiyo na aanze kwa kufungua folda moja, ahifadhi ukurasa humo, aweke picha zote humo humo, kisha ndipo aziingize kwenye ukurasa. Ukurasa wa mbele aupe jina index.html, kwa kuwa kwa kawaida seva huutafuta huo kwanza. Majina ya faili yawe ya herufi ndogo, bila nafasi katikati. Seva nyingi huona Picha.jpg na picha.jpg kuwa vitu viwili tofauti, hata kama kompyuta yako ya nyumbani haijali.

Jambo jingine ni uzito. Picha moja ya simu ya leo inaweza kufika megabaiti nne au zaidi. Hapa Brussels hutaona tofauti, lakini shangazi yako aliyeko Uvira ananunua vifurushi vya intaneti kwa fedha zake. Ipunguze picha kabla ya kuipakia. Inaweza kushuka hadi sehemu ndogo sana ya uzito huo, na bado uso wa bibi harusi ukaonekana vizuri.

Na kwa kuwa sisi wa Brussels huchanganya Kiswahili, Kifaransa na Kiholanzi, hakikisha programu inahifadhi maandishi kwa mfumo wa UTF-8. La sivyo, herufi za Kifaransa zenye alama juu zitageuka vinyago, na jina la mtu aitwaye André halitasomeka.

Kiwanja na hati

Hadi hapo tumezungumzia nyumba. Iliyotuponza sisi si nyumba bali kiwanja. Tulijenga kwenye uwanja wa mtu, kwa anwani yenye jina la mtu, na Waswahili wanasema mtegemea cha nduguye hufa masikini.

Hatukuwa peke yetu. GeoCities, huduma ya Marekani iliyoanza mwaka 1994 na kununuliwa na Yahoo mwaka 1999, ilikuwa na mamilioni ya kurasa za watu binafsi, nyingi zikiwa zimejengwa kwa programu yake yenyewe ya kuburuta na kupanga. Tarehe 26 Oktoba 2009 ilifungwa. Sehemu kubwa ya kurasa zilizosalimika ziliokolewa na watu wa kujitolea waliokimbizana na muda kuzinakili.

Anayetaka kukaa kwa amani anahitaji vitu viwili tofauti, ambavyo si lazima avinunue mahali pamoja. Kimoja ni jina, yaani anwani yake mwenyewe. Cha pili ni nafasi kwenye seva. Ukiwa na jina lako, kampuni ya seva ikifunga au ikipandisha bei unahamisha mizigo yako, na wageni wanaendelea kukupata kwa anwani ile ile.

Hapa Ubelgiji majina yanayoishia na .be husimamiwa na shirika la DNS Belgium lenye makao yake Leuven. Shirika hilo ndilo linalosimamia pia majina ya .brussels, yaliyoanza mwaka 2014. Huendi kwao moja kwa moja, bali hununua kupitia kwa wakala na kulipia tena kila muda unapokwisha. Jina la .be likifutwa hukaa karantini siku 40 kabla ya kuwa huru kuchukuliwa na mwingine. Ni kama arobaini ya marehemu: baada ya hapo watu hutawanyika.

Jina nalo lina siasa zake. Zaire ilipogeuka kuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo mwaka 1997, anwani za nchi zilihamia .cd, na ile ya .zr ikafutwa kabisa mwaka 2001. Majina ya .eu yalifunguliwa kwa wakaazi wote wa Umoja wa Ulaya mwezi Aprili 2006. Waliokuwa wameyasajili kwa ukaazi wao Uingereza waliyakuta yamesimamishwa tarehe 1 Januari 2021, baada ya nchi hiyo kujitoa. Kabla ya kuchagua, jiulize kama haki yako ya kulimiliki jina hilo itabaki ukihama nchi.

Na swali muhimu kuliko yote kwa vyama vyetu ni hili: jina limesajiliwa kwa nani? Ikiwa ni kwa kijana mmoja anayejua kompyuta, siku akigombana na mwenyekiti tovuti itaondoka naye.

Majina ya watu si mapambo

Kuna jambo ambalo hatukulifikiria kabisa Jumapili ile. Tulichapisha majina ya wanachama, nani amelazwa hospitali gani, na nani bado hajatoa mchango wake. Tulidhani ni mambo ya nyumbani.

Mahakama ya Umoja wa Ulaya mjini Luxembourg ilikuwa imekwisha kutoa uamuzi juu ya jambo hilo tarehe 6 Novemba 2003. Mama mmoja wa Sweden aliyejitolea kanisani alijitengenezea kurasa zake nyumbani, akaandika habari za wenzake wa parokia, pamoja na kwamba mmoja wao ameumia mguu. Alipigwa faini nchini mwake. Mahakama ya Ulaya ilisema kuweka habari za watu mahali ambapo yeyote duniani anaweza kuzisoma si shughuli ya nyumbani tena, na kwamba kuutaja mguu ulioumia ni kutoa habari za afya ya mtu.

Tangu tarehe 25 Mei 2018 sheria ya Ulaya ya ulinzi wa taarifa binafsi imekuwa kali zaidi, na Ubelgiji ina mamlaka yake ya kuisimamia, hapa hapa Brussels. Kwa hiyo omba ruhusa kabla ya kuweka jina au picha ya mtu, hasa ya mtoto, na anayetaka kuondolewa aondolewe. Na anayefungua tovuti ya biashara, hata ya kuuza vitenge au kusuka nywele, sheria ya Ubelgiji inamtaka aonyeshe jina lake, anwani na nambari ya kampuni yake.

Kuanza tena

Chama chetu kina tovuti mpya. Tuliitengeneza kwa kompyuta za mojawapo ya vituo vya umma vya dijitali ambavyo mitaa ya Brussels imewafungulia wakaazi wake. Safari hii ilituchukua siku mbili badala ya saa tano, na siku nzima ya pili ilikwenda kwenye mambo yasiyoonekana. Jina limesajiliwa kwa chama. Barua za kulipia zinakwenda kwenye anwani inayosomwa na watu watatu. Neno la siri liko kwenye bahasha kwa mweka hazina. Kila baada ya mkutano mkuu folda yote inanakiliwa kwenye flashi mbili, moja ikikaa Brussels na nyingine kwa ndugu aliyeko Liège.

Tulijaribu pia kuitafuta ile ya zamani katika Internet Archive, maktaba ya mtandao iliyoanzishwa San Francisco mwaka 1996, ambayo huhifadhi nakala za kurasa za dunia. Tuliukuta ukurasa mmoja tu, ule wa mbele. Salamu za mwenyekiti wetu wa kwanza, ambaye sasa ni marehemu, zipo neno kwa neno. Picha yake, hapo juu, ni kisanduku kitupu.

Mjane wake alikuwa na picha hiyo kwenye karatasi, ndani ya Biblia. Tuliipiga upya, tukaipunguza, tukaipa jina kwa herufi ndogo, tukaiweka kwenye folda moja na ukurasa wake. Mara hii walioko Bukavu wameiona.