Kabla hujanunua prosesa ya HP Z420, angalia tarehe hii kwanza

Wadau, wengi wetu tunaohariri picha na video za bidhaa tumeangukia hizi HP Z420 za mtumba. Mashine ngumu, bei inashikika. Shida unaiona ukishaanza video: unasubiri itoke mpaka mteja ameshanunua kwa mwingine. Hapo ndo unaambiwa "badilisha prosesa tu". Ni kweli inawezekana, na kwa hela ndogo kuliko mashine mpya. Ila kuna mtego.

Z420 nyingi zina Xeon E5-1620 yenye kori 4. Soketi hiyohiyo inapokea E5-1650 v2 yenye kori 6, na zote ni za wati 130, kwa hiyo feni na pawa saplai yako vinabaki. Mtu akiona hivyo analipia fasta. Kumbe Z420 ziko za aina mbili, na kwa nje zinafanana kama mapacha.

Fanya hivi. Washa mashine huku unabonyeza F10 mpaka uingie BIOS, fungua System Information, tafuta mstari ulioandikwa Boot Block Date. Ukikuta mwaka 2013, v2 inakubali. Ukikuta 2011, v2 haikubali, na hapa naomba tuelewane: kuapdeti BIOS hakubadilishi tarehe hiyo. Yeyote anayekuambia "tutaapdeti, itasoma" anacheza na hela yako.

Kuna jamaa anauza viatu mtandaoni, yake ilikuwa ya 2011. Kaweka v2, mashine ikagoma kuwaka, fundi akamwambia madabodi imekufa. Akarudisha prosesa ya zamani, ikawaka kama kawaida! Lakini hela ya mzigo ilishaondoka, na aliyemuuzia hakutaka kusikia habari ya kurudisha.

Wa 2011 usikate tamaa. Tafuta zisizo na v2: E5-1650 ya kawaida ina kori 6, E5-2670 ina kori 8 na wati 115 tu. Hiyo 2670 ni bei rahisi kwa sababu makampuni yalipobadilisha seva zao, zilimwagika sokoni kwa wingi. Ila kasi yake ni GHz 2.6, wakati 1620 uliyonayo ni 3.6. Ukiwa mtu wa video, kori nyingi zinakusaidia. Ukiwa mtu wa picha tupu, unaweza usione tofauti, au hata ukaona imerudi nyuma. Mimi wa picha ningemwambia abaki na aliyonayo.

Halafu kabla ya yote, fungua Task Manager wakati mashine imelemewa. Kama prosesa iko asilimia 30 na diski iko 100, tatizo si prosesa. Weka SSD kwanza, hela nyingine nunulia mzigo.

Ukienda kununua, soma maandishi juu ya prosesa yenyewe, si kwenye boksi. Ikiwa imeandikwa Intel Confidential, hiyo ni ya majaribio ya kiwandani, iache hapohapo.

Kufunga si kazi ya ajabu. Kama unaweka v2, apdeti BIOS kwanza ukiwa bado na prosesa ya zamani. Kisha chomoa umeme, fungua skrubu 4 za lile chuma lenye feni, achia vyuma viwili vya kubana, nyanyua. Vipini viko ndani ya soketi, ukigusa kikapinda umeua madabodi. Futa pesti ya zamani, weka mpya kidogo tu kama punje ya harage, kaza skrubu kwa kukingamisha, kidogokidogo. Kadi ya picha usiiondoe, hizi Xeon hazina picha zake zenyewe.

Jambo la mwisho, hizi prosesa zote hazimo kwenye orodha ya Windows 11, na Windows 10 ilikoma kupewa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo bei ya prosesa ikianza kukaribia nusu ya bei ya mashine nzima, mimi naiacha. Hiyo hela bora iwe mwanzo wa kununua mashine nyingine.